Bomba la Moshi Juu ya Makuti

Nyumba yetu ya Malindi haikuwa na ghorofa, haikuwa na umeme, wala haikuwa na mlango wa nakshi wa kupigwa picha na watalii. Ilikuwa na bomba la moshi. Miaka ile ya themanini, ukisimama sokoni ukauliza kwetu ni wapi, hata mtoto anayejifunza kutembea angekunyoshea kidole: "Ile pale, yenye meli juu." Mimi nasema bomba lile lilionekana kutoka Mambrui siku isiyo na ukungu. Mke wangu asema lilionekana kutoka kwa jirani tu. Msomaji na achague wa kumwamini, ila ajue kwamba mke wangu hakulibeba bomba lile kwa baiskeli, na mimi nililibeba.

Mambo yalianza na macho ya mama.

Mama alikuwa mpishi wa mahamri, na mtaa mzima ulikuwa hauwezi kuamka bila mahamri yake. Jiko lake lilikuwa uwani, banda la udongo lililoezekwa kwa makuti yaliyoungana na paa la nyumba, na ndani yake mafiga matatu aliyoachiwa na mama yake. Moshi wa mle ndani haukuwa moshi wa mchezo. Paka akiingia mweupe alitoka wa kijivu. Cheti changu cha masomo ya usiku, nilichokitundika ukumbini, mbali kabisa na jiko, kiligeuka rangi ya chai ya maziwa kabla sijamaliza kuwaonyesha wageni.

Siku moja nimerudi kutoka kazini, nikasimama kimya kwenye mlango wa jiko, nataka kumchezea. Mama akageuka, akanikazia macho mekundu kama pilipili zilizoiva, akasema, "Maji leo sitaki, mitungi yote imejaa. Pita kesho."

Aliniona mchota maji! Mimi, mwanawe wa kumzaa, niliyechukua sura yake yote mpaka pua.

Nikampeleka Kilifi, hospitalini. Daktari alimtazama kwa taa, akamwinua kope, akampa dawa ya kutia, kisha akasema, "Mama, dawa hii ni ya kukupoza tu. Ugonjwa wako ni moshi. Uache moshi, ama macho yatakuacha wewe."

Tulipotoka nje mama akaniuliza, "Yule daktari leo asubuhi amekula nini?"

"Nitajuaje, mama?"

"Kitu kilichopikwa kwa moshi," akasema, akafunga leso yake vizuri, akatangulia.

Habari ilifika Kikambala kabla hata hatujafika nyumbani, nadhani ilipita juu kwa juu. Huko ndiko alikoolewa dada yangu mkubwa. Mumewe alikuwa akifanya kazi kwenye hoteli moja ya pwani, na nyumbani mwao mlikuwa na jiko la gesi, kitu ambacho dada alikitaja kama watu wengine wanavyotaja kwamba wamehiji. Akaja wiki ile ile.

"Mama, funga virago," akasema hata kabla ya kukaa. "Kwangu unapiga kiberiti, basi, moto huo. Hapana moshi hata wa kumfukuza mbu."

"Na mimi kwako nitakuwa nafanya nini?"

"Hufanyi kitu, mama. Utakaa, ule."

"Nitakaa, nile," mama akarudia, kama mtu anayesomewa hukumu. Akainuka akaenda jikoni kugeuza mahamri.

Dada akanigeukia mimi. "Nakupa mpaka siku ya kuvunja jungu. Nikija siku hiyo nimkute hapiki ndani ya moshi. Nikimkuta bado analia machozi juu ya karai, naondoka naye. Ramadhani itaingia yuko kwangu, na usinizuie."

Sikumzuia kwa maneno, kwa sababu alikuwa na haki. Ila nilimjua mama. Mtoe kwenye jiko lake, umweke kwenye kiti cha mtu mwingine, na macho yatapona, lakini mwenyewe atanyauka kama mchicha uliong'olewa. Ilibaki miezi michache kufika Shaabani. Ndani ya miezi hiyo ilinibidi nimtoe moshi mama bila kumtoa mama jikoni.

Hapo ndipo elimu yangu ilipoamka. Mimi ni mhitimu wa darasa la ngumbaru, na silionei haya jina hilo. Tulisoma usiku kwa taa ya karabai, watu wazima wenye ndevu na wake zao, tukisinzia kwa zamu. Usiku mmoja mwalimu alituchorea mshumaa ubaoni, akatwambia hewa ikipata moto huwa nyepesi, na ikiwa nyepesi hupanda, na ikipata njia nyembamba hupanda mbio. Hiyo njia akaiita dohani. Wenzangu wakadhani ni mambo ya meli. Mimi nikaliweka neno lile kichwani kama mtu aliyeokota ufunguo bila kuona kufuli.

Na kufuli nililiona kila siku. Kazi yangu ilikuwa hotelini Watamu, kuchochea kuni chini ya tangi la maji ya moto ya wageni. Tangi lile lilikuwa na bomba refu la chuma, na mimi nilikaa chini yake mwaka baada ya mwaka bila kukohoa hata mara moja. Sasa hoteli ilikuwa imeleta mtambo mpya, na bomba la zamani lilikuwa limelala majanini nyuma ya jengo la kufulia, mijusi wamelifanya nyumba yao. Nikamwendea meneja. Akasema, "Lile? Liondoe hapa, utakuwa umenifanyia hisani."

Nikalifunga kwenye baiskeli kwa kamba ya nazi, mbele likinipita, nyuma likinipita, nikashika njia ya Malindi. Upepo ukaingia kwa mbele, bomba likaanza kulia. Halikulia kama bati, wallahi. Lililia kama siwa, ile baragumu ya harusi za wakubwa. Kila nilipoongeza mwendo, sauti iliongezeka: vuuuu! Pale Gede watu walitoka majumbani. Bibi mmoja akanisimamisha kwa mkono. "Mwanangu, harusi ya nani?"

"Ya mama yangu, bibi, na jiko lake," nikamjibu nikipita, kwa sababu ningesimama nisingeweza kuondoka tena na mzigo ule. Nyuma yangu nikasikia akipiga kigelegele hivyo hivyo, bila kuelewa. Sijapata kuona pongezi za mapema kama zile.

Kujenga nilimtafuta fundi wa mabati, mtu wa bara aliyehamia Malindi, mwenye kibanda karibu na soko. Alilizunguka bomba, akaligonga kwa nyundo, kisha akayatazama makuti yetu, akatikisa kichwa.

"Sasa wewe unataka hii chuma ya moto ipite katikati ya hii nyasi? Hiyo si jiko, hiyo ni kiberiti kubwa."

"Nyasi tutaikata, fundi. Halitagusa."

"Na kama itagusa?"

"Basi mimi na wewe tutakuwa wa kwanza kujua."

Akacheka mpaka akakaa. Toka hapo tukawa marafiki.

Asiyecheka alikuwa jirani yetu, mwanamke mjane mwenye ulimi uliokuwa ukichinja kuku kwa mbali. Makuti yake na makuti yetu yalikuwa yamegusana juu ya uchochoro kama mabega ya watu msikitini. Alipotuona juu ya paa akatoka nje na mwiko mkononi.

"Ewe mwana wa watu! Hiyo elimu yako ya usiku, mchana husinzia? Moto ukishika kwenu, kwangu utabisha hodi?"

"Shikamoo, bibi. Hapashiki moto."

"Marahaba, na hapashiki ndivyo walivyosema wote walioungua!"

Kabla ya adhuhuri alikuwa amepanga ndoo na mitungi ya maji kwenye ukuta wake wote, na hakuiondoa tena. Alipita akiijaza kila siku mbele ya macho yangu, ili nisahau kila kitu nisisahau hilo.

Jiko lenyewe tulilijenga kwa udongo wa kichuguu uliokandwa pamoja na nyuzi za makumbi, kwa sababu udongo ule ukikauka ni jiwe. Lilikuwa na mdomo mmoja wa kuni na matundu mawili juu, moja la karai na moja la sufuria, na nyuma yake shimo la kupandia bomba. Chombo kilitakiwa kikalie tundu barabara, moshi usipate pa kuchungulia. Basi tukamwomba mama karai lake tupimie. Akakataa kulitoa.

"Pimieni hapa hapa, nikiona. Karai hili haliendi kwa fundi."

"Mama, si mpaka tuliweke juu ya tundu?"

"Basi nitaliweka mimi." Akaliweka, akaligeuza kulia, akaligeuza kushoto, akamwambia fundi kuna upenyo wa ukucha upande wa mlango. Kwa macho yale! Alikuwa ameupapasa kwa kidole.

Kwenye paa tulikata tundu ambalo mtu mzima angepita akiwa amebeba mtoto. Bomba likapita katikati, makuti yakabaki mbali nalo mkono mzima pande zote. Pale palipobaki wazi fundi akatandika bati pana kama sinia la biriani, na kileleni akalivisha bomba kofia ya bati yenye pindo la mikato mikato. Nikamuuliza pindo lile lina kazi gani. Akasema, "Hiyo ni ya uzuri. Hii nyumba sasa ni ya watu wakubwa."

Siku ya kuwasha, uani kwetu pakajaa watu. Jirani alisimama kwenye ukuta, mkono juu ya ndoo. Nikatia kuni za mvinje, nikapiga kiberiti, nikapuliza. Moshi ukaingia kwenye bomba, ukafikiri kidogo, ukarudi. Ukatutokea usoni wote kwa mpigo, mzito kuliko wa mafiga. Watu wakakohoa.

"Maji niyamwage sasa au ningoje?" jirani akauliza.

Nikaufumbia macho ule moshi, nikauona mshumaa wa mwalimu ubaoni. Hewa ikipata moto hupanda. Na bomba letu lilikuwa baridi kama pua ya mbwa! Nikakamata kuti kavu, nikalikunja, nikaliwasha, nikalisukuma ndani kabisa, chini ya bomba lenyewe. Likashika mara moja, na bomba likaanza kunguruma. Vuuuu! Siwa ile ile ya njia ya Gede. Moshi wote uliokuwa jikoni ukageuka kama umeitwa jina, ukaingia mdomoni mwa jiko, ukapanda. Nje watu wakapiga kelele: "Unatoka! Unatoka juu!" Vigelegele vikapigwa, fundi akabebwa, mimi nikajibeba mwenyewe.

Mama akaniuliza, "Moshi umekwenda wapi?"

"Juu, mama."

Akatoka uani kuhakikisha. Akainua uso, akautazama ukipotea juu ya minazi, kama mtu anayemsindikiza mgeni aliyekaa sana.

Toka siku ile macho ya mama yalianza kutulia. Wekundu ukaondoka kidogo kidogo, machozi yakakauka, na asubuhi moja akaniambia shati langu lina doa la mafuta mgongoni. Nilifurahi nikataka kuvaa lenye madoa kila siku. Mimi nilikwisha kushinda, nikatembea mjini kama niliyevumbua moto wenyewe.

Shaabani ilipoandama, paa likaanza kutujibu.

Kwanza ulikuwa unga mwembamba, kama wa mhogo, ukidondoka kwenye meza ya kusukumia mahamri. Kisha wadudu wenyewe, fukusi wadogo weusi. Kisha mende. Kisha tandu mmoja urefu wa mkono wangu, na mke wangu asipokubali basi, urefu wa kidole chake, akaanguka kando ya kinyunya cha ngano na kujinyosha kama yuko kwao. Usiku mzima tulisikia makuti yakitafunwa, na makombamoyo, ile miti ya kushikilia paa, yalikuwa yameanza kutoboka.

Kumbe moshi uliokuwa ukiua macho ya mama ndio uliokuwa ukilinda paa! Miaka yote ile ulipanda ukayapaka makuti masizi, na mdudu haingii penye masizi. Watu wa nyumba za mabati hawawezi kulijua jambo hili, wala mwalimu wangu wa usiku hakutwambia, naye alikuwa wa nyumba ya mabati. Lakini mimi niliyezaliwa chini ya makuti nilikosaje kuliwaza? Nilikuwa nimemfukuza mwizi nikamfukuza na mlinzi, kwa sababu walikuwa mtu mmoja.

Mama hakugombana. Asubuhi moja aliukuta unga kwenye mahamri yaliyokwisha kuumuka, akayamwagia kuku yote. Wateja wakarudi na sahani tupu. Kisha nikamkuta anayavuta mafiga yake ya zamani kutoka nyuma ya choo, moja baada ya moja.

"Mama, unafanya nini?"

"Narudi kwangu. Nikose macho, mwanangu, nisikose heshima. Hakuna mtu atakayeokota fukusi kwenye hamri langu."

"Na dada akija?"

Akaliweka figa chini. "Dada yako akija, basi nitakwenda naye nikakae, nile."

Nikamwomba aningoje mpaka kuvunja jungu. Mafiga aliyaacha pale pale mlangoni, kama watu waliokuja kuposa.

Alasiri ya Alhamisi moja nilikuwa nimekaa barazani, kichwa mikononi. Mama akapita na chetezo, anafukiza ubani chumba kwa chumba, kama alivyofanya kila Alhamisi ya maisha yangu. Alipomaliza akatia udi, akafunika chetezo kwa tenga, akatandika nguo zake juu yake zinukie. Moshi ukapenya kwenye tenga, ukaingia kwenye nguo, na mama mwenyewe ameketi mbali, anajipepea.

Nikaruka kama niliyekalia nge.

"Mama! Hizo nguo unazifukiza kila siku?"

"Nina wazimu? Mara moja kwa wiki yatosha."

"Na unazivaa ukizifukiza?"

"Wewe mtoto una homa?"

Nilikuwa nimekwisha kufika kwa fundi, ndala moja nimeiacha njiani. Nikamwambia, "Paa ni nguo. Lataka kufukizwa, si kuvaliwa!" Hakunielewa, lakini alichukua mkasi wa bati. Tukakata kidirisha ubavuni mwa bomba, juu kabisa, karibu na makuti, chenye kifuniko. Juu yake tukachonga ufa na kutia kibati cha kusukuma. Siku zote kidirisha kimefungwa, kibati kimevutwa nje, moshi unakwenda zake. Siku ya kufukiza unasukuma kibati ndani, njia ya juu inafungwa, unafungua kidirisha, moshi unamwagika kwenye makuti. Unatumia moto mdogo usiorusha cheche, na mama hayupo jikoni.

Tukamaliza siku ya kuvunja jungu asubuhi. Mama nikampeleka kwenye baraza ya jirani na ungo wa mchele, achague. Nikatia makumbi mabichi na majani ya mwarobaini, nikafungua kidirisha, nikatoka mbio. Moshi ukajaa darini, ukapenya kwenye kila kuti, paa zima likawa linafuka kama sahani ya pilau. Na wadudu! Walianguka kama mvua ya masika, wengine wakikohoa, niliwasikia kwa masikio yangu. Kuku walikula wakashindwa kutembea.

Katikati ya hayo ndipo dada yangu alipotokea pembeni mwa nyumba na kikapu mkononi. Akaona paa linatoka moshi toka upenuni mpaka kileleni.

"Moto! Mama yumo ndani! Motoo!"

Akakurupuka kuelekea jikoni. Jirani yetu, aliyekuwa akingojea neno hilo tangu siku ya kwanza, hakuuliza swali. Alijua kila kitu, tulikuwa tumemweleza, lakini ndoo zilikuwa zimekaa sana. Ya kwanza ilimpata dada kifuani, ya pili kichwani.

"Hakuna moto, bibi!" nikapiga kelele. "Tunafukiza!"

"Najua," jirani akasema, akatua ndoo. "Lakini alivyolia, nimeona yeye ndiye anayewaka."

Dada akasimama anachuruzika maji, hajui aanze kumtukana nani. Ndipo sauti ya mama ikatoka barazani, ng'ambo ya uchochoro, tulivu kabisa.

"Karibu, mwanangu. Mbona buibui umelivaa nje ndani?"

Sote tukatazama. Nguo nyeusi, uzi mweusi, na mshono kweli ulikuwa nje, pindo limegeuka kuanzia begani mpaka chini. Dada alikuwa ametoka Kikambala alfajiri, akapita Kilifi, akapita stendi yetu na soko letu, na hakuna jicho hata moja lililoona. Mama alikuwa ameona kutoka barazani, huku kidole chake kikiondoa chuya kwenye ungo.

Dada akavuka uchochoro. Akamshika mama kidevu, akamtazama macho, la kulia, la kushoto. Kisha akautazama mchele. Ulikuwa mweupe, hauna hata jiwe.

"Unaniona vizuri, mama?"

"Nakuona umelowa. Nenda kavue, ugeuze, uje unisaidie. Leo tunavunja jungu, watu wengi."

Tulikula mpaka paa likasikia haya. Mama alipika vyote mwenyewe, biriani kwenye tundu moja na mahamri kwenye tundu jingine, bomba likinguruma, na hakuanguka fukusi hata mmoja. Mafiga ya mlangoni jirani aliyafanya viti vya wageni. Mimi niliiga lafudhi ya mwalimu wangu nikieleza habari za hewa, mpaka mke wangu akanijaza hamri kinywani.

Jioni dada alifunga kikapu chake, na hakutaja virago vya mama wala mara moja. Pale mlangoni akainua macho kwenye lile bomba na kofia yake ya pindo.

"Huko Watamu kuna bomba jingine?"

"La nini, dada? Kwako si kuna gesi?"

Akatazama chini. "Gesi imekwisha tangu juzi."

Mama hakucheka, Mungu amrehemu, ingawa mimi nilimwona akijiuma mdomo. "Mfungieni na kuni," akasema. Dada akarudi Kikambala na kikapu cha mahamri mkono mmoja na mzigo wa kuni za mvinje mkono wa pili, na safari hii buibui amelivaa sawasawa, kwa kuwa mama alimgeuza mara mbili mlangoni kulitazama kabla ya kumruhusu aende.